Msitutembezee Bibi Zetu

Kila mwezi wa tatu unapokaribia, rai moja huibuka upya kwenye semina, redioni na kwenye maandiko ya miradi: kwamba mji usio na matembezi ya wanawake mashuhuri ni mji ulioisahau nusu ya historia yake. Zanzibar wanayo, tunaambiwa. Mgeni hupitishwa kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe akisimuliwa habari za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Miji ya Ulaya inayo tele. Kwa nini basi Ifakara ibaki kuwa mji wa mpunga na mbu? Chora njia kutoka misheni hadi sokoni, simika vibao kumi vyenye majina na picha, fundisha vijana wachache kusimulia, na Bonde la Kilombero litakuwa limewaenzi mama zake na kujipatia kitega uchumi kwa mkupuo mmoja.

Tuitendee haki rai hii, maana wanaoitoa si wajinga wala si waongo. Historia tuliyofundishwa shuleni ni ya Mkwawa, Mirambo, Isike na Kinjikitile. Wanaume watupu. Hapa bondeni hali ni hiyo hiyo. Daraja la mita 384 lililoondoa pantoni kwenye Mto Kilombero, likafunguliwa mwaka 2018, limepewa jina la Rais Magufuli. Hospitali kubwa ni ya Mtakatifu Fransisko. Maabara iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara inakumbukwa kwa jina la Profesa Rudolf Geigy wa Basel, aliyeianzisha miaka ya 1950. Msichana wa Viwanjasitini anaweza kuzaliwa, kusoma na kuolewa asione jina la mwanamke limeandikwa ukutani, ukiacha saluni na vibanda vya mama lishe. Wenye rai wanasema pia kwamba matembezi ni jambo rahisi: hayadai jengo, yanadai miguu na masimulizi. Tena wanaongeza, na hapa wana haki kabisa, kwamba bibi wanaojua mambo wanakufa na kwenda na waliyoyajua.

Yote hayo nayakubali. Ninachokikataa ni hitimisho. Kati ya "wanawake wamesahauliwa" na "basi tuwatengenezee njia ya watalii" kuna korongo, na wenye rai wameliruka wakiwa wamefumba macho. Nitawarudisha ukingoni, hoja kwa hoja.

1. Orodha inaanza na nani?

Matembezi hudai orodha, na orodha hudai kigezo. Kigezo kinachotajwa ni ushawishi. Kigezo kinachotumika ni maandishi: anaingia mwanamke aliyeandika, au aliyeandikwa na mgeni, au aliyepita kwenye gazeti. Mkalishe chini afisa yeyote mwenye kalamu, mwambie akupe wanawake mashuhuri wa Kilombero na Ulanga, uone atakwenda wapi.

Wa kwanza atakuwa Mkomanile, kwa sababu kila anayesimulia Maji Maji siku hizi hutafuta mwanamke mmoja wa kupamba hadithi. Lakini Mkomanile alikuwa kiongozi wa Wangoni, akanyongwa Songea mwaka 1906. Waliopigana huku kwetu ni Wambunga na Wapogoro, ambao tarehe 30 Agosti 1905 walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge na kufyekwa kwa bombomu. Wake zao na mama zao waliobaki na njaa iliyofuata hawakuandikwa na mtu. Basi tutaazima wa Songea, tumsimamishe karibu na stendi ya Ifakara, na mgeni asiulize maswali.

Wa pili atakuwa Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge kwenye miaka ya 1960 ikianza, wakati mgonjwa wa kifafa alipokuwa akila na kulala peke yake kwa kuogopwa. Kazi ile ilikuwa kubwa kweli. Imesimuliwa pia, kwa kuwa mwenyewe alikaa akaandika kitabu. Wa tatu anaweza kuwa Geraldine Culwick, Mwingereza, mke wa afisa wa wilaya, aliyetoa pamoja na mumewe mwaka 1935 kitabu kuhusu Wabena wa bondeni. Wa nne, marehemu Celina Kombani, mbunge wa Ulanga Mashariki na waziri, aliyefariki mwaka 2015.

Hesabu sasa. Mngoni mmoja, wazungu wawili, waziri mmoja. Karibu nusu ya vibao imekwisha na bado hatujamgusa mwanamke hata mmoja aliyejulikana kwa kazi iliyolifanya bonde hili kuwa bonde, yaani mpunga. Na si kosa la afisa wetu. Amefanya alichoagizwa: ametafuta majina, na majina yapo yalikoandikwa.

Huko Zanzibar kwenyewe, ambako rai hii inachota mfano wake, mambo si shwari. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866 kwa sababu ya mfanyabiashara Mjerumani aliyekuja kumuoa, akawa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mji wa Hamburg, ukijiona umeendelea, ulikipa kiwanja jina lake mwaka 2019. Kisha watu wakakisoma kile kitabu kwa makini, wakakuta kurasa anazoutetea utumwa na kuwasema Waafrika weusi kama watu wasiofaa bila kusukumwa. Ikaamuliwa jina lile liondolewe. Kwanza wakaenzi, halafu wakasoma! Hivi ndivyo inavyokuwa pale kibao kinapotangulia. Naye mwimbaji Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, ambaye santuri zake zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928 zilisikika pwani nzima, maisha yake ya mjini yalikuwa Ng'ambo, nje ya yale majumba ya mawe yanayopigwa picha. Binti mfalme ana nyumba ya kuonesha. Muuza vyungu alikuwa na sauti, na sauti haina mlango wa kuchongwa.

2. Bibi ambaye hakuna kibao kitakachomtaka

Lakini hebu tuchukue kigezo chao kwa uzito kuliko wanavyokichukua wenyewe. Kama ni ushawishi tunautafuta, basi mwanamke aliyeyagusa maisha ya watu wengi wa bonde hili katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 hakuwa mbunge wala daktari. Alikuwa Bibi Kalembwana wa Ihowanja, upande ambao leo ni Wilaya ya Malinyi.

Watu walikwenda kwake kunyolewa. Mtu alipotuhumiwa uchawi, ndugu na majirani hawakumkata panga. Walifunga safari naye hadi Ihowanja. Kule alinyolewa nywele, akapewa dawa, na aliyemtuhumu naye alipitia wembe ule ule. Wakirudi kijijini, hesabu imefungwa: kama alikuwa na uchawi, umezimwa, na akiurudia dawa itamgeukia. Akaendelea kulima shamba lake na kuchota maji kisima kimoja na wenzake. Mwanaanthropolojia Maia Green ameandika sana juu ya jambo hili, na mwaka 2005 yeye na Simeon Mesaki walieleza jinsi huduma ya kunyoa ilivyozidi kuvaa sura ya kisasa, hata mahali pa kunyolea pakaitwa saluni.

Fikiri ukubwa wa kitu hicho. Kanisa Katoliki, lenye nguvu kuliko taasisi nyingine yoyote katika bonde hili tangu Wakapuchini wa Uswisi walipolikabidhiwa, lilikataza waumini kunyolewa, na waumini wakaenda. Sheria ya uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, ambayo tumeirithi hadi leo, inamhesabu anayemwita mwenzake mchawi kuwa mkosaji, na viongozi wa vijiji walijua nani kaenda Ihowanja na kwa nini. Ugomvi ulioishia kwenye wembe uliwafaa kuliko ulioishia kaburini. Linganisha na Usukumani, ambako kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa jikoni. Mwanamke mmoja wa kijijini, asiye na cheo wala mshahara, aliendesha mahakama ambayo sheria na kanisa vyote havikuitaka na havikuweza kuifunga.

Je, atapata kibao? Atakipata kwa sharti moja tu, kwamba ageuzwe kuwa mganga wa maajabu, picha yenye kibuyu na ngozi, dakika nane za kusisimua kabla ya kwenda kunywa soda. La sivyo ataachwa, kwa kuwa anamfedhehesha kila mfadhili. Mradi wa kuwawezesha wanawake hautaki mwanamke ambaye madaraka yake yalikuwa juu ya wanawake wenzake. Parokia haitaki. Bodi ya utalii haitaki neno uchawi karibu na neno Tanzania. Na sisi tunaojiita watu wa maendeleo hatutaki kueleza kwamba kitu tunachokionea aibu ndicho kilichowaacha watu hai.

Wala sisemi kwamba wembe ule ulikuwa mtamu. Aliyenyolewa alirudi na kichwa ambacho kila jirani alikisoma kutoka mbali. Kuna watu waliopelekwa kwa nguvu ya maneno ya wakwe, na wakarudi na jina lililowaganda hata baada ya nywele kuota. Hapo ndipo ilipo gharama ambayo wenye rai hawajaihesabu. Waliopita Ihowanja, au watoto wao na wajukuu wao, wanaishi hapa Ifakara, Kibaoni, Mlabani, Katindiuka na Mbasa. Amani yao imejengwa juu ya kutotajana. Kijana mwenye fulana ya mradi akisimama mbele ya kundi la wageni na kuanza kutaja nani alimpeleka nani mwaka gani, anafungua hesabu ambayo ilifungwa kwa jasho. Wageni watapanda basi jioni. Majirani watabaki.

3. Machi 8 mtaani hakuna mtu

Matembezi haya, tunaambiwa, ni ya mtaani, na kilele chake ni Siku ya Wanawake Duniani. Aliyepanga hivyo hajalima mpunga wa bondeni.

Mashamba mengi ya watu wa Ifakara yako mbali na nyumba zao, kwenye tambarare inayofurika, na mpunga haulimwi kwa kwenda na kurudi. Mvua zikishika, familia nyingi huhamia shambani. Hujengwa kibanda au dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa kuepa maji, na maisha huhamia huko: kupanda, kupalilia, kuamia ndege alfajiri hadi magharibi, kuvuna. Wanaorudi mapema ni watoto wa shule, na wengine huachwa mjini na bibi au dada mkubwa. Watafiti wa malaria wa Ifakara waliliona hili kabla ya watu wa utalii, kwa sababu mtu anayelala dunguni analala mbali na zahanati na katikati ya mbu. Machi iko katikati ya msimu huo.

Kwa hiyo picha ya matembezi haya ni hii: siku ya kumuenzi mwanamke, mgeni anaoneshwa milango yenye kufuli. Mwenyewe yuko kilomita nyingi kutoka hapo, miguu ndani ya maji, anafukuza kwelea kwelea. Nusu ya historia inayotafutwa haikuwahi kukaa mtaani kwa mwaka mzima.

Si kilimo peke yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikata bonde hili kutoka Kidatu hadi Mlimba, na mwanahistoria Jamie Monson ameonesha kwenye kitabu chake cha mwaka 2009 jinsi wakazi wa kando ya reli walivyoigeuza njia ya shaba ya Zambia kuwa njia ya biashara yao ndogo ndogo. Mama wa ndizi, mama wa mchele, mama wa kuku ndani ya tenga: ramani yao ni stesheni na saa za treni iliyochelewa. Ukitaka kuwatembelea, kata tiketi. Dhana ya mtaa wa kihistoria imeletwa kutoka miji ya mawe ambako matajiri walikaa ndani, na huku imevishwa kwa watu ambao ujanja wao wote ulikuwa katika kuhama.

Na pantoni je? Pale Kivukoni, watu waliposubiri kuvuka, palikuwa na soko, maana panaposubiriwa pana chai, samaki wa kukaanga na mtu wa kuviuza. Daraja limeondoa kusubiri. Nalifurahia kama kila mtu aliyewahi kulala ng'ambo kwa kukosa chombo. Lakini historia ya wanawake wa kivuko imefutwa na kitu kizuri, kwa hiyo hakuna atakayeipigania.

4. Njia iliyofunguliwa na njia iliyofungwa

Wanaodhani Kilombero haijui matembezi ya kuongozwa hawajafika Mang'ula. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilomita za mraba 1,990, iliyotangazwa mwaka 1992, huzungukwa kwa miguu. Mgeni analipa, anapewa kiongozi, anapanda hadi maporomoko ya Sanje yanayoanguka mita 170, anashuka akiwa amefurahi. Sina ugomvi naye.

Ila msitu huo huo ulikuwa na watembezi wengine. Kwa miaka kadhaa baada ya hifadhi kuanzishwa, wanakijiji wa pembezoni, na kwa kuni hao ni wanawake, waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota matawi makavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Wahifadhi wana sababu zao, na baadhi ni nzito: msitu unabana kati ya mlima na mashamba ya miwa, na wanyama kama mbega wekundu wa Udzungwa hawana pengine pa kwenda. Sibishani hapa kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nabishana na wale ambao, miaka zaidi ya kumi baadaye, wanakuja na wazo jipya la kumheshimu mwanamke wa bonde kwa kumtengenezea njia ya miguu. Njia ya miguu alikuwa nayo. Ilikuwa na jina kwa kila kijito na kila gogo la kupumzikia. Ilifungwa, na hakuna aliyeandaa semina.

Laiti rai hii ingekuwa na ujasiri, ingesema: matembezi ya kwanza ya wanawake wa Kilombero yaanzie kwenye alama ya mpaka wa hifadhi, pale mzigo wa kuni unapogeuka kuwa kosa. Sijasikia mtu akilipendekeza hilo. Haliuziki.

5. Mmoja mmoja, kama vile hakukuwa na wenzake

Kibao kina nafasi ya sura moja. Ndiyo maana matembezi ya mashujaa, ya kiume na ya kike, humtoa mtu kwenye kundi lake na kumpiga msasa mpaka asimame peke yake.

Tazama alivyofanywa Bibi Titi Mohamed. Barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, anaonesha kwamba nguvu ya Titi mwaka 1955 ilitoka kwenye vikundi vya ngoma, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba. Kadi za chama zilipita mikononi mwa wanawake ambao walikuwa wamekwisha kujipanga kwa kucheza, kuzikana na kuchangiana. Barabara haisemi hayo. Haisemi pia kwamba mwaka 1970 alishitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka mwaka 1972 na kukaa kimya miaka mingi. Jina limebaki, kundi limeyeyuka, aibu ya dola imefagiliwa chini ya lami.

Kilombero itafanyiwa hivyo hivyo, na hapa hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu huku karibu kila kitu cha maana kilichofanywa na wanawake kilifanywa kwa wingi: WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, parokiani, upatu, wafumaji wa Ifakara kwenye vitanda vyao vya mfumi, vikundi vya kupandiana mpunga. Jambo kubwa kupita yote dunia nzima inalijua bila kujua wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chanjo ya malaria ya SPf66 ilijaribiwa hapa bondeni, Idete, kwa watoto 586. Watoto hao hawakujipeleka kliniki. Katikati ya muongo huo ukaja mradi wa vyandarua vyenye dawa wa Kilombero na Ulanga, ambapo wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za kupunguziwa bei. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kuokoka kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 utaratibu wa Hati Punguzo ukaanza kutumika kitaifa.

Ushawishi gani mwingine mnautaka? Uamuzi wa mama asiyejulikana, kutoa fedha ya chumvi akanunua chandarua, uliporudiwa na maelfu, ulibadilisha sera ya nchi. Kwenye makala za kisayansi amekuwa namba. Kwenye matembezi hatakuwa hata namba, kwa sababu namba haina uso wa kuchorwa. Atachorwa mtafiti.

6. "Vijana watapata ajira"

Hoja hii haihitaji muda mrefu. Vijana wangapi? Wanaojua Kiingereza, kwa kawaida wa kiume, kwa msimu wa ukame tu, kwa wageni ambao wengi wao wamekuja Udzungwa au wamepita njia kwenda Mahenge kwenye madini. Bibi anayesimuliwa hana mgawo. Anayesimamishwa kwenye kinu chake ili apigwe picha anapoteza muda wa kutwanga, na akidai chochote ataambiwa anaharibu utalii. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye biashara hii anayepona ni mgeni, na mwenyeji anaulizwa kama anaweza kurudia kutwanga, jua lilikuwa baya.

Halafu tunaambiwa matembezi humpa mwanamke sauti. Msikilize kiongozi wa matembezi yoyote kwa saa mbili, uhesabu dakika ambazo mwanamke mwenyewe amesema.

7. "Basi bora hicho kidogo kuliko hakuna"

Hii ndiyo ngome yao ya mwisho, na wengi hukimbilia humo wakiwa wamekubali mengine yote. Ingekuwa kweli kama kidogo hicho kingekuwa hakili chochote. Kinakula. Kinakula fedha ya halmashauri yenye zahanati zisizo na taa, kinakula uangalifu wetu, na kinatupa ruhusa ya kusema kazi imekwisha: wanawake tumekwisha waenzi, vibao vile pale.

Majina ya wanawake wa bonde hili yanayohitaji kuandikwa yana mahali pake tayari, napo si ukutani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume, na tangu mwaka 2016 mpango wa kuimarisha umilikaji ardhi ulipita Kilombero, Ulanga na Malinyi ukipima na kutoa hati za kimila, wanawake wakiandikwa peke yao au pamoja na waume zao. Nenda kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, kwenye kabati la bati na daftari lililokunjika pembe. Jina la mwanamke humo lina matokeo: shemeji anasoma, anarudi nyumbani kimya. Jina lile lile kwenye kibao cha utalii halimzuii shemeji kupima shamba la mjane kwa hatua zake mara tu baada ya arobaini. Na hati hizo hazijafika kila kijiji wala kila shamba. Hapo pana kazi ya wenye bajeti na kalamu, na pana matembezi ya kutosha kwa yeyote anayependa kutembea.

Kuhusu bibi wanaokufa na waliyoyajua, wenye rai wana haki ya kuwa na haraka. Basi mwenye fedha ya vibao kumi awalipe nauli wajukuu kumi wanaosikia Kindamba, Kipogoro, Kibena na Kimbunga, awape vinasa sauti, wakae na bibi zao baada ya mavuno, si Machi. Waulize juu ya dungu, juu ya treni, juu ya kuni, na juu ya Ihowanja ikiwa bibi mwenyewe ndiye aliyeanza kuitaja. Sauti zihifadhiwe wilayani, zisipelekwe Basel wala Dar es Salaam kwanza. Aliyenyolewa asitajwe jina mpaka ukoo wake ukubali, na atakayesema hataki kurekodiwa aachwe amalize kupeta mchele wake. Watalii watakaotaka kusikiliza watasubiri foleni nyuma ya watoto wa Lipangalala.